Mkono Juu, Kijiko Chini

Siku hizi, pale kwenye kiwanda cha mbolea, mtu akinyanyua mkono trekta linasimama. Kijiko kinashuka mpaka kinagusa sakafu ya zege, injini inapunguza sauti, na dereva mpya anatoa kichwa na kuuliza, "Kuna nini?" Anaelezwa. Anaitikia kwa kichwa, anangoja njia iwe wazi, anaendelea na kazi. Hakuna kosa hapo. Ni mtu mwenye adabu zake, na trekta analijua. Lakini baada ya kijiko kugusa chini hubaki nafasi ndogo ya ukimya, na wote waliokuwa pale zamani huisikia, kama ulimi unavyolijua pengo la jino lililong'oka. Hapo palikuwa na neno. Asante.

Mama chai, ambaye hawezi kuona pengo akaliacha, hulijaza mwenyewe kutoka kibandani kwake. "Asanteee!" hupiga kelele, na watu hucheka. Wiki za mwanzo dereva mpya alidhani anadhihakiwa. Ilibidi Mama Pacha, mshona midomo ya magunia, aende kumweleza.

"Si wewe, kaka yangu. Anamwitikia mzee."

"Mzee gani?"

"Aliyekalia hicho kiti kabla yako."

Mzee huyo wenzake walimwita Mzee Asante, na jina hilo lilimkaa kiasi kwamba hata mwenye kiwanda, mama mmoja mwenye haraka na kila kitu, aliliandika hivyo hivyo kwenye karatasi za mishahara. Kwa Mama Pacha alikuwa baba mkwe. Alimwita Baba.

Kiwanda chenyewe si kitu cha kujivunia ukikiangalia kutoka barabarani. Ukuta wa matofali ya saruji, geti la bati, na harufu inayokutangulia nyumbani. Malori huleta taka za sokoni, maganda, majani ya kabichi, matunda yaliyooza, na samadi kutoka kwenye mazizi. Vyote humwagwa kwenye sakafu pana ya zege, hupangwa marundo marefu, hugeuzwa, huachwa vioze, hugeuzwa tena. Asubuhi marundo hutoa mvuke kama vyungu. Kina mama huchambua plastiki kwa mikono yenye glavu, wanaume huchekecha na kujaza magunia, na kati yao wote huzunguka trekta, mbele likiwa na mikono miwili ya chuma iliyobeba kijiko kikubwa kama bafu, likichota hapa na kumwaga pale. Watu na chuma huishi pamoja kwenye uwanja ule mmoja kutwa nzima. Ndiyo maana ilihitajika sheria.

Sheria ilikuwa moja, na aliitunga Mzee Asante mwenyewe kabla wengi wao hawajaajiriwa. Mtu yeyote, awe mwenye kiwanda, awe kibarua wa leo, awe muuza vitumbua aliyepita kuulizia chenji, akinyanyua mkono, trekta linasimama na kijiko kinashuka chini kabisa. Mkono ukiwa juu, kijiko hakinyanyuki. Na aliyenyanyua haulizwi kwa nini kabla hajashukuriwa.

Mkono juu, kijiko chini. "Asante," anasema mzee. Halafu ndipo anauliza.

Unaweza kudhani watu waliitumia vizuri. Thubutu! Mama chai alinyanyua mkono kila chai ilipoiva, na trekta zima lilisimama katikati ya uwanja, kijiko kikashuka, mzee akamshukuru, akazima, akateremka, akanywa. Mbebaji mmoja wa magunia, mwembamba mpaka wakamwita Kamba, aliwahi kujinyoosha mgongo baada ya kuinama muda mrefu, mikono yote miwili juu, akipiga miayo kama fisi. Alipofumbua macho trekta limesimama mbele yake.

"Asante, mwanangu. Kuna nini?"

"Ah... hakuna, mzee. Nilikuwa najinyoosha."

"Basi asante tena. Jinyooshe vizuri."

Tangu siku hiyo ikawa desturi kwamba anayetaka kujinyoosha aende nyuma ya choo.

Mwenye kiwanda alilalamika. Mafuta yanaungua, mzee, alisema, kila mtu akisimamisha trekta kwa ajili ya miayo tutafunga kiwanda. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Kisha akamjibu taratibu, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Mama, mtu akinisimamisha bure, nimepoteza mafuta ya kujaza kizibo. Mtu akiogopa kunisimamisha, nimepoteza mtu. Na huyu wa leo nikimnunia, yule wa kesho ataogopa." Mwenye kiwanda akakumbuka ana simu ya kupiga.

Mama Pacha alifika kiwandani akiwa mkwe mpya bado. Mumewe ni fundi cherehani, na kazi ya cherehani ina misimu yake. Kuna miezi sindano inakimbia na kuna miezi inalala. Kwenye mwezi wa kulala alimwomba mumewe ruhusa, mumewe akamwomba baba yake, baba yake akamwombea nafasi ya kuchambua taka na kushona midomo ya magunia. Siku ya kwanza alitegemea kuonyeshwa magunia. Mzee alimpeleka kwenye trekta.

Trekta lilikuwa limezimwa, kijiko kimelala chini. Mzee alilizunguka polepole, kama mtu anayemkagua ng'ombe kabla ya kununua, na mkwewe akamfuata nyuma. Alibonyeza tairi. Aligonga pini zinazoshikilia mikono ya chuma. Alipaka grisi kila kiungo mpaka grisi ya zamani, nyeusi kama masizi, ikatoka na nyingine safi ikaonekana. Alifuta matope kwenye ngazi ya kupandia, "maana wengi hawauawi na trekta, wanauawa na kushuka." Alipofika kwenye mipira inayopitisha mafuta ya kunyanyulia kijiko, hakuigusa. Alichukua kipande cha boksi la sabuni akakipitisha kando ya mpira, akakitazama, akakipitisha tena.

"Kwa nini si kwa mkono, Baba?"

"Mafuta humu ndani yanasukumwa kwa nguvu, mkwe. Yakipata tundu dogo kama ncha ya sindano, yanapenya ngozi bila hata kuumiza vizuri, halafu mkono unaoza. Boksi likitoboka, nitapata jingine."

Nyuma ya trekta lilining'inia pipa nusu lililojazwa zege. Alilipiga kofi. "Huyu anaitwa Bibi. Kazi yake kukaa tu. Kijiko kikijaa, trekta linataka kuinama mbele, matako yanakuwa mepesi, linapinduka. Bibi analikalisha. Ukiona nimeondoka bila Bibi, nyanyua mkono."

Mke wa mzee, enzi za uhai wake, aliwahi kusikia habari za huyo Bibi kutoka kwa mtu asiyeeleza vizuri, na inasemekana mzee alilala njaa usiku ule. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Mwisho akamwambia mkwewe apande akae kwenye kiti. Alisita, kukalia kiti cha baba mkwe! "Panda," alisema. Alipanda. Mzee akaingiza mkono kutoka upande, akawasha, akanyanyua kijiko kidogo. "Unaona nini?" Aliona kijiko. Kilikuwa kimefunika rundo, kimefunika nusu ya uwanja, kimewafunika kina mama wawili waliokuwa wameinama wakichambua. Kilipokuwa chini walikuwepo. Sasa hawapo.

"Ndiyo maana mzigo unabebwa chini, karibu na ardhi. Na ndiyo maana ya mkono. Trekta halina macho, mkwe. Macho ni yangu, na yangu yana mpaka. Wewe popote ulipo, tafuta macho yangu. Kama huyaoni, jua na mimi sikuoni."

Halafu akamteremsha, akakalia kiti mwenyewe, akamfundisha kunyanyua mkono. Jaribio la kwanza lilikuwa la aibu, kiganja kilichofika begani, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Trekta lilisimama lakini mzee alitikisa kichwa. "Huko ni kuniaga. Nyanyua kama unaanika shuka kwenye kamba ya juu." Akanyanyua. Kijiko kikashuka, zege likatoa ule mlio wake mzito.

"Asante," alisema mzee.

Mama Pacha hakuwahi kumweleza mtu, lakini neno hilo lilimwingia pabaya. Alikotoka, mkubwa hakatizwi njia. Ukimkuta anapita unajibanza ukutani. Na huyu hapa, mzazi wa mumewe, amesimamishwa na mwanamke aliyeolewa juzi tu, na anamshukuru, na si kwa mzaha. Aliondoka pale akiwa na hisia kwamba amepewa kitu ambacho hakukiomba. Alirudi kwenye magunia yake akashona midomo mpaka jioni, na kila alipoinua macho aliyatafuta macho ya mzee, na kila mara aliyakuta.

Miaka ikaenda. Pacha walizaliwa, wakaota meno, wakaanza shule. Sakafu ya zege ilipasuka ikazibwa. Trekta lilibabuka rangi mpaka ukasahau lilikuwa la rangi gani. Na katika muda wote huo hakuna aliyekanyagwa, hakuna aliyebanwa, hakuna aliyepoteza hata ukucha, jambo ambalo watu hawalisherehekei kwa sababu halina siku yake.

Kisha likatokea la uma.

Ni uma wa kugeuzia samadi, wenye meno marefu. Mtu aliusahau kwenye njia ya trekta, meno yakitazama juu. Kamba aliuona trekta likiwa linakuja na mzigo. Alikuwa amesimama kulia, hatua chache tu. Akanyanyua mkono, tena vizuri, mkono wa kuanika shuka. Trekta halikusimama. Lilipita mbele yake, tairi la nyuma likapanda juu ya mpini wa uma, mpini ukavunjika kwa mlio kama wa risasi, na ndipo mzee akakanyaga breki.

Hakuna aliyeumia. Tairi lenyewe lilinusurika kwa upana wa kidole. Lakini Kamba alibaki na mkono hewani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi.

"Amenipita," aliwaambia wenzake kwenye chai. "Amenipita kama jiwe! Miaka yote hii!"

"Labda hakukuona," alisema Mama Pacha.

"Hakuniona? Mimi? Haya, mwembamba kweli ni mwembamba, lakini nilikuwa pale, kwenye jua! Sema tu ukweli. Tangu mama mwenye kiwanda amnunulie kile kiti kipya cha springi, mzee amekwea. Zamani alikalia gunia kama sisi."

"Kiti hakimbadilishi mtu," alisema mama chai, lakini alisema bila nguvu, kwa sababu yeye mwenyewe juzi alinyanyua mkono chai imeiva, na trekta likamzunguka likaenda zake. Hakumwambia mtu. Alikunywa ile chai peke yake, na ilikuwa chungu.

Hivyo ndivyo walivyokosea, na kosa lao lilikuwa la watu wa pale tu. Mahali pengine dereva asiposimama watu wangesema ana haraka, au kalewa. Wao, waliozoea kushukuriwa, walijua sababu moja tu ya mtu kuacha kushukuru. Kiburi. Wakaanza kununa. Na waliponuna, wakaacha kunyanyua mikono. Kwa nini ujiaibishe? Walisogea pembeni kimya kimya trekta lilipopita.

Mama Pacha aliona mikono inapungua uwanjani, lakini yeye hakununa.

Maana yeye aliishi na mzee nyumba moja, na nyumbani kulikuwa na mambo. Mzee alikuwa akigonga kikombe kwa kiwiko, kikombe kilichokaa pale pale kinapokaa siku zote. Alikuwa akiulizia chumvi na chumvi ipo kushotoni kwake. Wiki iliyopita alimkanyaga mmoja wa pacha aliyekuwa amejilaza kandokando ya mkeka akichora, akashtuka zaidi ya mtoto mwenyewe. "Umetokea wapi wewe?" alisema. Mtoto alijibu, "Nilikuwa hapa tangu saa ile, Babu." Watu walicheka. Mama Pacha naye alicheka. Sasa kicheko kile kilimrudia kikiwa na ladha nyingine.

Alimwambia mumewe. Mumewe aliacha kukanyaga cherehani.

"Usimguse Baba," alisema. "Lile trekta ndiyo pumzi yake. Mama alipofariki, nani alimshika? Lile trekta."

"Siku akimpita mtu badala ya uma?"

"Mke wangu. Baba anaona. Hata hivyo, tuongee naye kwanza."

Kwa hiyo walijaribu maneno. Jioni hiyo, baada ya kula, kabla giza halijaingia, Mama Pacha alikaa kwa heshima zake akaanza kwa mbali, habari za uzee, habari za hospitali, kuna kliniki ya macho, majirani wamepima, si kwa ubaya. Mzee alimkatiza kwa kicheko.

"Macho yangu? Hebu lete sindano."

Mwanawe akamletea sindano ya cherehani na uzi. Mzee aliinua sindano usawa wa pua, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akapitisha. Mara moja. Hata fundi mwenyewe hupitisha kwa mara ya pili au ya tatu.

"Haya," alisema, akimrudishia mwanawe. "Mshonee mkeo miwani."

Mumewe alimtazama kwa jicho la nilikwambia. Mama Pacha aliinuka kuondoa vyombo, akapita kando ya mzee, upande wa kulia. Akasimama. Mzee alikuwa akiongea na mwanawe, uso mbele, akieleza jinsi grisi ya siku hizi ilivyo nyepesi. Mama Pacha aliweka vyombo chini pole pole. Akanyanyua mkono. Mkono wa kuanika shuka.

Mzee aliendelea na habari za grisi.

Akahamia kushoto, akanyanyua tena. Mzee akasema, "Siku hizi hata grisi inatiwa maji." Fundi cherehani alikuwa anamtazama mkewe aliyesimama na mkono juu kama mti, na taratibu uso wake ukabadilika. Aliinamisha kichwa.

Asubuhi yake Mama Pacha alifika kiwandani akiwa hajaonja hata maji. Mwanamke anayemwaibisha baba mkwe mbele za watu, aliwaza, atakaa nyumba gani baada ya hapo? Nyumbani maneno yalikuwa yameshindwa. Maneno nyumbani ni ya mkubwa. Lakini kiwandani kulikuwa na kitu kikubwa kuliko maneno, na alikiweka mzee mwenyewe.

Trekta lilikuja kutoka kwenye rundo la mwisho, kijiko kimejaa, kimebebwa chini inavyotakiwa. Mama Pacha aliacha gunia likiwa na sindano mdomoni mwake. Akatembea mpaka katikati ya uwanja, mbali kiasi cha kutosha, mbele kabisa, mahali alipoyaona macho ya mzee. Akanyanyua mkono.

Trekta lilisimama. Kijiko kikashuka.

"Asante, mkwe," alisema mzee. "Kuna nini?"

Mkono wa Mama Pacha ukabaki juu.

Mzee alitazama chini ya matairi, akatazama nyuma kumwangalia Bibi, yupo. Akatazama mipira, haivuji. "Njia ipo wazi. Shusha mkono."

"Sishushi, Baba."

Wachambuaji waliacha kuchambua. Kamba alitua gunia. Mama chai alitoka kibandani na birika mkononi. Injini ilikuwa ikiunguruma.

"Mkwe, nina kazi."

"Naijua kazi, Baba. Mkono ukiwa juu, kijiko hakinyanyuki." Alinyoosha mkono juu zaidi. "Sikukusimamisha kwa ajili ya njia. Nimekusimamisha wewe."

Kitu kilipita usoni mwa mzee, na kwa muda watu walidhani ni hasira. Labda ilikuwa hasira kweli. Mkono wake ulikuwa juu ya wenzo wa kijiko. Angeweza kuusukuma. Ni yeye aliyeitunga sheria, na aliyetunga angeweza kutangua, mbele ya mwanamke aliyeolewa kwake.

Aliweka gia huru. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini. Akasogeza wenzo mbele na nyuma kutoa nguvu iliyobaki kwenye mafuta, ingawa kijiko kilikuwa chini tayari. Akafungua mkanda, akatoa ufunguo, akautia mfukoni. Akashuka akilitazama trekta, mikono miwili na mguu mmoja, miguu miwili na mkono mmoja, kama alivyoshuka siku zote. Hakuruka hatua hata moja. Akaja akasimama mbele ya mkwewe.

"Umeniona nini?"

"Jana jioni nilisimama kulia kwako nimenyanyua mkono, Baba. Nikasimama kushoto. Ulikuwa unaongea habari za grisi."

"Na Kamba?"

"Kamba naye alinyanyua."

Mzee aligeuka amtafute Kamba, na sasa wote waliona kile ambacho hawakuwa wamekitazama: aligeuza mwili mzima, kama mtu mwenye jipu shingoni, mpaka Kamba akawa mbele yake kabisa.

"Nilinyanyua, mzee," alisema Kamba, kwa sauti ndogo. "Mimi nilidhani... Nilidhani mengine."

Mzee akamrudia mkwewe. "Shusha huo. Nenda pembeni yangu. Mimi natazama geti." Akatazama geti. "Nyanyua ukitaka. Nitakwambia."

Mama Pacha alikwenda kulia kwake. Geti la bati lilikuwa liking'aa kwa jua na mzee alilitazama bila kupepesa.

"Bado," alisema.

"Nimenyanyua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutazama."

"Kushoto," alisema mzee.

Akaenda kushoto. Muda ukapita. "Bado," alisema mzee tena, na safari hii hakungoja ajibiwe, kwa sababu alimsikia mama chai akilia.

Alivua kofia. Akakaa juu ya ukingo wa kijiko, kijiko kilicholala chini, akakung'uta kofia gotini ingawa haikuwa na vumbi la maana. Baadaye Mama Pacha alisema kwamba dakika hiyo ndiyo aliyoiogopa kuliko zote, kwa sababu hakujua mtu akivuliwa pumzi yake anatoa sauti gani.

"Wangapi," alisema mzee, si kwa mtu maalumu. "Wangapi wamenyanyua nikawapita, na mimi nipo hapa nadhani ni siku nzuri, hakuna anayenisimamisha."

Akatoa ufunguo mfukoni. Akautazama karibu na pua, alikouona vizuri kabisa, kila jino. Akamshika mkwewe kiganja, akauweka ndani, akakifunga kwa vidole vyake vyenye grisi.

"Asante," alisema.

Mama Pacha alipiga magoti palepale kwenye zege lenye maji ya kabichi, si kuomba radhi, maana hakuwa na kosa, ila kupokea, kama mkwe anavyopokea kwa mkubwa. Kamba ndiye aliyemwinua. Na Kamba ndiye aliyemwendea mzee, akasimama mbele kabisa mahali pa kuonekana, akasema, "Mzee, nilikusema vibaya kwenye chai."

"Nimesikia. Kiti cha springi."

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu, macho ndiyo yaliyopungua. Masikio yapo."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe.

Kliniki ya macho, alikopelekwa na mwanawe na mkwewe, ina benchi refu na ukuta wa kijani uliofifia. Daktari alimwekea mzee kidevu kwenye chombo, akampima, akampima tena. Ni presha ya macho, alisema. Huanza pembeni na huanza kimya, kama mchwa kwenye fremu ya mlango. Katikati panabaki pazima, mtu anasoma, anapitisha uzi kwenye sindano, hajui kwamba ukuta umekuja karibu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka.

"Bila kuruka nakuweza," alisema mzee.

Daktari akauliza kama ana watoto, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kufuata damu. Ndivyo fundi cherehani naye alivyokalishwa kwenye kile chombo, akilalamika kwamba yeye kasindikiza tu. Alikutwa nayo, changa, haijala kitu bado. Aliambiwa kwamba kwa matone atashona mpaka awachoshe wateja. Walirudi nyumbani wote watatu kwa miguu. Walipofika mlangoni mume alimshika mkewe bega, mbele ya baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akataka kusema neno. Halikutoka.

"Liseme," alisema mzee kutoka nyuma. "Haliumi."

"Asante," alisema fundi.

Mwenye kiwanda alimtafuta dereva mwingine, na kabla hajamkabidhi trekta alimleta kwa Mzee Asante akalizunguke naye. Walizunguka asubuhi nzima, kipande cha boksi mkononi. Dereva mpya alijifunza kusimama, kushusha, kuzima, kutoa nguvu ya mafuta, kutembea na ufunguo. Neno la mwisho mzee hakumfundisha. Mama Pacha alipomuuliza kwa nini, alisema lile halifundishwi, likija litakuja lenyewe, na kama mama chai atalisema kwa niaba ya watu wote, si haba.

Uwanjani mikono ilirudi. Wananyanyua hata kwa mzaha, na dereva anasimama.

Mzee Asante anakaa kwa mwanawe, chumba cha mbele. Chupa mbili za matone ziko dirishani, yake na ya mwanawe. Asubuhi huenda kiwandani kwa miguu na mkwewe, hupaka grisi pini za kijiko kabla injini haijawashwa, kisha hurudi nyumbani.